Neno la Mungu Njiani, Nyumbani na Mizanini



Tukiifuata barabara kuu itokayo Dar es Salaam, baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 900 twafika Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Ng'ambo ni Nakonde, nchi ya Zambia. Hapo ndipo malori yapangapo foleni, mizigo ikielekea Zambia, Kongo na nchi nyingine za kusini. Hapo ndipo reli ya TAZARA ikaribiapo kuvuka mpaka. Hapo ndipo ianzapo njia ya kwenda Sumbawanga. Dereva hungoja karatasi zake, utingo humngoja dereva, mama lishe humngoja mteja. Ni mji wa watu wapitao na watu wangojao.

Twauleta mji huu mbele ya wasomaji wetu wa nchi nzima kwa sababu maisha yake yafanana na maisha yetu sote. Nani kati yetu hana haraka? Nani hana biashara, au safari, au jambo analolingoja? Basi, swali letu la juma hili ni hili: mtu aishiye hivyo atalisoma Neno la Mungu saa ngapi, na akiisha kulisoma, litamfanya nini?

MSAFIRI ALIYESOMA NJIANI

Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 8, twasimuliwa habari za msafiri Mwafrika. Alikuwa mtu mkubwa, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Waethiopia, naye alikuwa akirudi kwao kutoka Yerusalemu alikokwenda kuabudu. Safari ilikuwa ndefu na njia ilikuwa ya jangwani. Angeweza kusinzia. Angeweza kuhesabu moyoni mali ya malkia wake. Lakini yeye alikifungua kitabu cha nabii Isaya, akakisoma garini.

Yatupasa kuangalia mambo matatu. Kwanza, msafiri yule hakungoja afike nyumbani, apumzike, apate nafasi nzuri, ndipo asome. Muda wa njiani, ambao wengi huuhesabu kuwa muda uliopotea, yeye aliufanya kuwa muda wa Mungu. Pili, hakuona haya kukiri kwamba hafahamu. Filipo alipomwuliza kama aelewa asomayo, alijibu kwamba hawezi pasipo mtu wa kumwongoza. Mtu mwenye kukabidhiwa hazina ya taifa zima alikubali kuwa mwanafunzi. Tatu, Filipo hakumwamuru ashuke. Yeye ndiye aliyepiga mbio kando ya gari, kisha akapanda, akaketi pamoja naye, akaanza kumweleza kuanzia andiko lile lile lililokuwa wazi mbele yake.

Mwisho wa habari hiyo, msafiri alibatizwa, akaendelea na njia yake akifurahi. Njia ilikuwa ile ile, na kazi iliyomngoja ilikuwa ile ile. Mtu ndiye aliyegeuka. Hilo ndilo tulitakalo kwa kila msomaji wetu.

KITABU KISICHOFUNGULIWA

Wilayani Mbozi, katika kijiji cha Ndolezi, kipo kitu mashuhuri kiitwacho Kimondo cha Mbozi. Kwa sehemu kubwa ni chuma, uzito wake wakadiriwa kupita tani 10, nacho kilianguka kutoka angani zamani ambazo hakuna azikumbukaye. Wageni huja, hukizunguka, hukigusa, hupiga picha, kisha huenda zao. Chuma kile hakijafuliwa jembe, wala hakijafanywa kisu cha jikoni.

Twaogopa kwamba katika nyumba nyingi za Wakatoliki, Biblia Takatifu imefanywa kimondo cha namna hiyo. Nayo yatoka juu. Nayo twaiheshimu sana. Tumeiweka mahali pa heshima, tumeifunika kitambaa cheupe, twaiteremsha siku ya arusi, siku ya msiba, na siku Padre ajapo kubariki nyumba. Lakini haijawa chombo cha kazi. Haijalima moyo wala haijakata tamaa zetu mbaya.

Hatuwalaumu wazee wetu. Wao walilelewa kwa Katekisimu iliyosomwa kwa moyo na kwa Rozari Takatifu, na kwa malezi hayo walizaliwa Wakristo imara. Misa iliadhimishwa kwa Kilatini, na vitabu vya Maandiko vilikuwa adimu. Tena ilisemwa mitaani kwamba Biblia ni ya Waprotestanti. Ni kweli kwamba ndugu zetu hao walitangulia katika kazi ya kutafsiri, na haki yao tuwape: Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, Askofu Edward Steere alifanya kazi kubwa kule Unguja, na mwaka 1952 ilitoka Biblia ya Kiswahili iitwayo ya Muungano. Lakini kutangulia kwao si sababu ya sisi kubaki nyuma.

Mama Kanisa amekwisha kusema wazi. Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi kwa waamini. Tarehe 18 Novemba 1965, katika hati iitwayo Dei Verbum, ulifundisha kwamba Kanisa limeyaheshimu daima Maandiko kama linavyouheshimu Mwili wa Bwana, ukawahimiza Wakristo wote wayasome mara kwa mara. Mtaguso ulilikumbusha fundisho la Mtakatifu Yeronimo, aliyefariki Bethlehemu mwaka 420, kwamba asiyeyajua Maandiko hamjui Kristo. Ndipo, tangu Majilio ya mwaka 1969, ukaanza kutumika mpango mpya wa masomo ya Misa, ambao kwa miaka mitatu hutupitisha katika Injili ya Matayo, ya Marko na ya Luka, na ya Yohane mahali pake. Naye Hayati Papa Fransisko, kwa barua yake ya tarehe 30 Septemba 2019, aliiweka Dominika ya Tatu ya Mwaka kuwa Dominika ya Neno la Mungu. Baada ya maagizo hayo yote, nani atasema kwamba Biblia si kitabu cha Mkatoliki?

MISTARI ILIYONYOFOLEWA

Lakini kusoma peke yake hakutoshi. Siku hizi vipaza sauti ni vingi, redioni, katika simu na viwanjani. Watu huahidiwa kwa mistari ya Biblia kwamba wakitoa fedha nyingi watapata gari, wakipakwa mafuta ya kununua biashara zao zitafunguka, na mchawi awafungiaye riziki atatajwa jina. Mara nyingi atajwaye ni bibi kizee wa jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 60. Katika nchi yetu wazee wa namna hiyo wamepata kuuawa.

Tusisahau nani aliyepata kulitumia Andiko vibaya mbele ya Bwana wetu mwenyewe. Twasoma katika Matayo, sura ya 4, kwamba Ibilisi alimpandisha Yesu juu ya mnara wa Hekalu, akamtajia maneno ya Zaburi ili ajitupe chini. Maneno yalikuwa ya kweli, lakini yalinyofolewa mahali pake. Yesu alijibu kwa Andiko lingine, akaonyesha kwamba sehemu moja husomwa pamoja na nzima yake.

Basi, ichukueni kanuni hii nyepesi. Mstari ukipigiwa kelele, uliza: umetanguliwa na nini, na unafuatwa na nini? Je, wapatana na maisha na msalaba wa Yesu? Je, Kanisa limeufundishaje? Na swali la mwisho ni hili: baada ya kuusoma, je, nampenda jirani yangu zaidi, au nimeanza kumwogopa na kumchukia? Andiko litufanyalo tumchukie jirani, tumelisoma vibaya.

NYAMA NA AMANI

Tunduma yenyewe inalo fundisho juu ya jambo hili. Mwezi wa Aprili 2013 mji ule ulitikiswa na ghasia zilizotokana na mabishano ya Wakristo na Waislamu juu ya nani achinje nyama ya kuuzwa. Watu waliokuwa wakinunua chumvi duka moja walitazamana kama maadui. Hatulitaji jambo hili ili kufukua kidonda, wala hatutaki kumhukumu mtu. Twalitaja kwa sababu laweza kurudi, hapo au mahali pengine, na Mkristo hana budi kujiandaa kabla ya saa ya hasira.

Yashangaza kuona jinsi Maandiko yalivyokwisha kuzungumza habari za nyama. Wakristo wa kwanza kule Roma na Korintho walibishana vikali juu ya vyakula, hasa nyama iliyokwisha kutolewa kwa sanamu. Wengine walikula bila wasiwasi, wengine waliona ni dhambi. Mtakatifu Paulo aliwaandikia katika barua kwa Warumi, sura ya 14, na katika ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 8. Jambo lao halikuwa sawasawa na letu, nasi tusilazimishe. Lakini tazameni jinsi Mtume alivyolipima. Mwenyewe alijua kwamba nyama haimtii mtu unajisi. Hata hivyo hakuwaambia wenye nguvu washike haki yao kwa ubishi. Aliwataka wajiulize kama ulaji wao unamwangusha mtu ambaye Kristo alimfia. Aliufundisha Ufalme wa Mungu kuwa ni haki, amani na furaha katika Roho Mtakatifu, wala si jambo la kula na kunywa. Na katika sura ya 12 ya barua ile ile aliwaagiza waishi kwa amani na watu wote, kadiri iwezekanavyo kwa upande wao.

Fikirini: Mkristo aliyezisoma sura hizo tatu nyumbani kwake kwa utulivu, mwezi mmoja kabla ya ugomvi, atakuwa na neno la kusema siku kijana wake atakapookota jiwe. Asiyezisoma atakuwa na jiwe tu.

VIPIMO VIWILI

Tutoke buchani, twende ghalani. Mkoa wa Songwe ni mkoa wa wakulima; Mbozi yajulikana kwa kahawa na kwa mahindi. Mkulima wa huko, sawa na mwenzake wa Njombe au wa Lushoto, aijua vema lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomo, kisha huongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, naye mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya nchi juu ya vipimo yaukataza mtindo huo, lakini haujakoma. Kisha mazao yale yale yafikapo sokoni, mama mwenye watoto hupimiwa kwa kopo lililobonyezwa kitako.

Fungueni Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, mstari wa 13 hadi wa 16. Mungu awakataza watu wake wasiwe na vipimo viwili nyumbani, kikubwa na kidogo, naye asema kwamba afanyaye hivyo ni chukizo kwake. Je, gunia lenye kilemba si kipimo kikubwa cha kununulia? Je, kopo lililobonyezwa si kipimo kidogo cha kuuzia? Nabii Amosi, katika sura ya 8, awashutumu wafanyabiashara waliokuwa wakingoja kwa hamu Sabato ipite ili warudi kuwapunja maskini. Miili yao ilikuwa katika ibada, lakini mioyo yao ilikuwa mizanini.

Twajua jibu litakalotolewa. Mfanyabiashara Mkatoliki atasema: "Wote hufanya hivyo. Nikiacha mimi peke yangu, wenzangu watanunua kwa faida, nami nitafunga duka." Hatulidharau jibu hilo. Ni kweli kwamba haki ina gharama, na wenye kuilipa ni watu wenye ada za shule na kodi za pango. Lakini Zakayo naye alikuwa na nyumba na hesabu zake, na siku Yesu alipoingia kwake aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Yesu hakumwambia kwamba amezidisha. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kulainisha Neno. Tunachoweza ni kumsaidia ndugu yetu asilibebe peke yake, na msaada huo upo katika Jumuiya.

NJIA YA HATUA SABA

Maaskofu wa Afrika Mashariki, mnamo miaka ya 1970, walichagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa njia ya kulijenga Kanisa. Mahali pengi Jumuiya hizo husoma Injili kwa njia ya hatua saba, iliyoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika ya Kusini. Twaieleza hapa kwa ufupi, ili hata familia moja iweze kuitumia.

Kwanza, mmoja amkaribishe Bwana kwa sala fupi, maana si kitabu tu tunachokutana nacho. Pili, sehemu iliyochaguliwa isomwe polepole, kwa sauti. Tatu, kila mmoja achague neno au fungu fupi lililomgusa, alitamke kwa sala, wengine wakisikiliza. Nne, watu wote wanyamaze kwa dakika chache. Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa watu wa siku hizi. Tano, washirikishane yaliyowagusa, pasipo kuhubiriana wala kusahihishana. Sita, wazungumze juu ya kazi ambayo Bwana awaitia juma hili. Saba, wamalize kwa sala.

Jumuiya nyingi hufanya hatua tano vizuri, kisha ya sita huirukia. Huishia kusema kwamba Neno ni tamu, wakafunga sala, wakagawana matangazo ya michango. Yakobo Mtume, katika sura ya 1 ya barua yake, amfananisha msikilizaji wa namna hiyo na mtu ajitazamaye katika kioo, akaenda zake, akasahau jinsi sura yake ilivyo. Katika hatua ya sita ndipo wanunuzi watatu wa Jumuiya moja wawezapo kupatana kwamba msimu huu hawatashona kilemba. Mmoja peke yake angeshindwa. Watatu waweza kuanza. Hapo ndipo wana-Jumuiya wawezapo kuamua nani atamchotea maji yule bibi aliyesingiziwa uchawi, na nani atakwenda kumjulia hali jirani Mwislamu aliyefiwa.

NENO NYUMBANI

Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, laagiza wazazi wawafundishe watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Mwenye wajibu wa kwanza, basi, ni baba na mama, kabla ya Padre na Katekista.

Tunashauri mambo machache yawezekanayo. Jumamosi jioni, baada ya chakula, familia isome Injili ya Dominika ya kesho. Dakika kumi na tano zatosha. Simu zote ziwekwe kando, isipokuwa ile isomewayo, kama nyumba haina kitabu. Kesho yake, Padre atakapoisoma Injili ile, mtoto ataisikia kama mtu amsikiaye rafiki, wala hataisikia kama ya mgeni.

Katika nyumba nyingi za Songwe, wazee husema Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali kwa wepesi kuliko Kiswahili cha vitabu. Hilo lisiwe kizuizi. Kitabu cha Nehemia, sura ya 8, chasimulia jinsi Ezra alivyosoma Torati mbele ya watu wote uwanjani, na Walawi wakawafafanulia hata wakafahamu. Basi mtoto wa shule na asome Kiswahili, na bibi aeleze kwa lugha ya nyumbani alivyoelewa. Mmoja ana macho, mwingine ana miaka. Neno lawahitaji wote wawili. Tena siku ile ya Ezra watu waliambiwa wale, wafurahi, na wawapelekee sehemu wale wasio na kitu. Usomaji ulimalizikia katika sahani ya jirani.

Na baba aliye safarini je? Dereva aliyelala garini Tunduma, na mkewe aliye Mbagala au Mwanjelwa, waweza kupatana kusoma Injili ile ile usiku ule ule, kisha waulizane kwa simu: "Wewe umeokota neno gani?" Mpaka wa nchi wazuia mizigo mpaka ipigwe muhuri, Neno halizuiwi. Na mume ajuaye kwamba mkewe atamwuliza swali hilo saa tatu usiku, atajiangalia aendako saa mbili.

KAZI YA JUMA HILI

Twawaachia wasomaji kazi ndogo. Someni Matendo ya Mitume sura ya 8, mstari wa 26 hadi wa 40. Kumbukumbu la Torati sura ya 25, mstari wa 13 hadi wa 16. Na Warumi sura ya 14. Kisha jibuni, kila mtu moyoni mwake, halafu pamoja nyumbani: Ni muda gani katika siku yetu twauita wa bure, ambao twaweza kumpa Mungu? Ni kipimo gani katika kazi yetu, dukani, ofisini, shambani au darasani, ambacho hatungependa Yesu akione? Ni jirani gani tumeacha kumsalimu, na kwa sababu gani?

Mtakatifu Luka atuambia kwamba Mama Maria aliyaweka mambo yote ya Mwanae moyoni, akayatafakari. Hakuwa na vitabu kabatini. Alikuwa na moyo ulio wazi, na nyumba yenye kazi nyingi. Tumwombe atuombee, ili siku ile Bwana atakapotupima kwa mizani yake, asitukute na kitabu safi kilichofunikwa kitambaa cheupe, bali na kitabu kilichochakaa kwa kusomwa, na mikono iliyolitenda Neno lake.